TAHARIRI: Abu Dhabi ilifundishwa na wageni, na sasa watoto wa Kifilipino wanabisha hodi

Timu ya Ufilipino iliporudi kutoka Michezo ya Asia ya Hangzhou, Oktoba 2023, ilirudi na medali nne za dhahabu. Moja ilikuwa ya EJ Obiena, yule kijana anayeruka kwa upondo. Moja ilikuwa ya mpira wa kikapu wa wanaume, na hiyo nchi nzima iliipigia kelele kwa sababu walikuwa hawajaipata tangu 1962. Mbili zilizobaki zilitoka mchezo mmoja, jiu-jitsu, na zote mbili zililetwa na wanawake: Meggie Ochoa katika uzito wa kilo 48 na Annie Ramirez katika kilo 57. Mwenzao Kaila Napolis akaongeza shaba.

Nusu ya dhahabu za taifa lenye watu zaidi ya milioni 110, basi, ilitoka katika mchezo ambao mtaani kwao wengi hawaujui hata jina. Kule mpira wa kikapu ndio dini ya vijana, kila uchochoro una goli lake la kubandika. Jiu-jitsu ni kitu cha watu wachache waliojikusanya wenyewe.

Msomaji wetu wa Maskat au Sharjah anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu, tena zaidi kuliko anavyodhani. Katika fainali ile ya kilo 48, aliyekuwa upande wa pili wa mkeka ni Balqees Abdulla, binti wa Falme za Kiarabu. Katika mchezo huu Manila na Abu Dhabi zinajuana vizuri sana. Tena watoto wetu wengi huku Ghuba wanakwenda mazoezini jioni na kukabana na watoto wa Kifilipino, na nyumba zetu nyingi zina Mfilipino jikoni ambaye ana mtoto wake mwenyewe kisiwani kwao.

Kwa mama ambaye bado anaona mwanawe anapelekwa kupigana: mchezo huu hauna ngumi wala mateke. Ni mieleka ya kushikana mavazi, kuangushana chini, halafu kutafuta njia ya kumbana mwenzio mkono au kumkaba mpaka agonge. Akigonga, unamwachia pale pale. Kugonga si aibu, ni adabu ya mchezo, na mtoto asiyetaka kugonga ndiye anayeumia. Mikanda ya watoto inaanza mweupe, halafu kijivu, manjano, rangi ya chungwa na kijani. Mkanda wa buluu haupatikani mpaka mtoto afike miaka 16, na kuufikia mweusi watu wengi huchukua miaka kumi hivi. Kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato. Mtoto wa miaka tisa anayeanza leo anahitaji mtu mzima atakayekuwa naye mpaka awe kijana mwenye ndevu.

Huyo mtu mzima ndiye tunayetaka kumzungumza.

Tuanze na historia kidogo, maana wenyeji wa Ghuba wakati mwingine husahau. Mchezo huu ulitoka Japani. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa judo, alifika Brazili mwaka 1914, na ujuzi wake ukaingia katika familia ya Gracie, ambayo iliugeuza na kuutia mambo yake. Abu Dhabi iliupata mbali zaidi: Sheikh Tahnoon bin Zayed aliujua alipokuwa mwanafunzi Marekani, na mwaka 1998 yakaanzishwa mashindano ya ADCC. Kuanzia 2008 jiu-jitsu ikaingizwa katika skuli za Abu Dhabi, na 2009 yakaanza mashindano makubwa ya kulipwa ya dunia. Nani alifundisha skulini? Wageni. Makocha kwa mamia, wengi wao Wabrazili, waliletwa, wakapewa nyumba na mishahara, wakawafundisha watoto wa Kiimarati ambao wazazi wao hawakuwahi kuona mkanda wa buluu. Leo hata shirikisho la dunia la mchezo huu lina makao yake Abu Dhabi, na mabinti wa Falme wanapanda majukwaani na hijabu zao za michezo.

Hatusemi haya kwa kubeza. Ni jambo zuri lililofanywa kwa akili na fedha. Lakini yule aliyefundishwa na mgeni ana deni, na deni hilo halilipwi kwa Mbrazili, maana yeye alishalipwa mshahara wake. Linalipwa kwa anayekuja nyuma. Na anayekuja nyuma sasa hivi katika Asia, mwenye njaa ya mchezo na asiye na ukumbi, ni mtoto wa Kifilipino.

Ufilipino haikosi sheria ya kuwatunza wachezaji. Sheria nambari 10699 ya mwaka 2015 inampa mshindi wa dhahabu ya Michezo ya Asia peso milioni mbili, na kocha wake hupata nusu ya kiasi hicho. Ni fedha za kweli na Ochoa na Ramirez walizitolea jasho. Ila fedha hizo zinakuja baada ya medali. Binti wa miaka kumi na mbili katika mji mdogo wa Mindanao, mwenye mkanda wa njano na vazi la gi lililorithiwa kwa dada yake, sheria hiyo haijamfikia. Kati ya yeye na zile peso milioni mbili kuna miaka kama kumi na tano ya nauli, ada, vifaa, ushuru wa mashindano na jeraha moja au mawili. Miaka hiyo inabebwa na mzazi, klabu, na kaka au dada wa mkanda wa juu anayeamua kumkalia karibu.

Halafu kuna bahari. Ufilipino ni visiwa zaidi ya elfu saba. Klabu kubwa ziko Manila na miji kama Cebu na Davao. Mtu wa Pemba anaelewa bila kuelezwa maana ya kuambiwa kila kitu kizuri kiko ng'ambo.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye ushirikiano, neno ambalo viongozi wa michezo wanalipenda sana kwenye hotuba. Katika jiu-jitsu lina maana ya mkononi kabisa. Mtoto haendelei kwa kumsikiliza kocha tu, anaendelea kwa kukabana na mtu wa uzito wake na kiwango chake, au cha juu kidogo. Chukua msichana wa kilo 45. Katika klabu ya kawaida atakuwa peke yake. Wavulana ni wazito, wasichana wengine ni wadogo zaidi au wameanza jana. Akibaki hapo mwaka mzima atajifunza kuvumilia kulaliwa na watu wa kilo 70, na hicho ni kipaji pia, lakini hatajifunza kushambulia. Dawa yake iko klabu ya pili, ng'ambo ya mji, ambako kuna msichana mwengine wa kilo 45 naye anasikitika vile vile. Wakutane Jumamosi mbili kwa mwezi na wote wawili watapanda. Hakuna mtambo wala fedha itakayofanya kazi hiyo badala yao.

Kwa nini haifanyiki kila mahali? Kwa sababu ya wivu wa klabu. Mchezo huu umerithi kutoka Brazili neno baya, creonte, lililoenezwa na marehemu Carlson Gracie, kumaanisha msaliti, yaani mwanafunzi anayehama klabu au kwenda kufanya mazoezi kwa jirani. Wako makocha mpaka leo wanaowazuia watoto wasiguse mkeka wa klabu nyengine. Wanaita uaminifu. Sisi tunaona ni ubahili, na anayelipa gharama yake ni mtoto. Mchezaji mzima akichagua kubaki na klabu moja ni hiari yake. Kumfungia mtoto wa miaka kumi na tatu mlango wa kukutana na wenziwe kwa sababu ya nembo ya mgongoni, hapana.

Ufilipino yenyewe ina ushahidi wa nini hutokea milango ikifunguliwa. Hidilyn Diaz, binti wa Zamboanga, ndiye aliyeipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, kwenye kunyanyua vyuma Tokyo, Julai 2021. Kocha wake alikuwa Mchina, Gao Kaiwen. Mipaka ilipofungwa mwaka 2020 walinasa Malaysia, na huko, katika nchi ambayo si yake, akapata pa kukaa na pa kunyanyulia. Carlos Yulo, aliyechukua dhahabu mbili za sarakasi Paris 2024, alilelewa kimichezo na Mjapani, Munehiro Kugimiya, na akaishi Japani miaka kadhaa ya ujana wake, ingawa waliachana kabla ya Paris. Obiena alifanya mazoezi yake Italia, chini ya Vitaly Petrov. Watatu hawa ni watu wa michezo mitatu isiyohusiana kabisa, na kila mmoja alipofika kikomo cha kilichopo nyumbani, mtu wa nchi nyengine alimwambia karibu.

Jiu-jitsu haimo katika Olimpiki. Hakuna mfadhili mkubwa atakayekuja mbio. Lakini ina jambo moja ambalo michezo hiyo mengine haina: kitovu chake kiko saa tisa tu za ndege kutoka Manila, katika eneo ambalo Wafilipino wanaishi kwa malaki.

Kabla hatujaenda huko, kuna jambo ambalo tahariri za michezo hulipita kwa haraka nasi hatutaki kulipita. Mlezi wa kimichezo ana nguvu juu ya mtoto. Anamshika mwili, kwa sababu ndio mchezo wenyewe. Anaamua nani atakwenda mashindano na nani atabaki. Mtoto wa kimaskini na mzazi wake aliye mbali wanamwona kama baba. Mtu mwema akiwa na nguvu hizo anajenga bingwa. Mtu mbaya akiwa nazo anaharibu maisha, na jiu-jitsu, kama michezo mengine ya mapambano, imeshapitia kesi zake za aibu katika nchi mbali mbali.

Ndiyo maana tunamheshimu Ochoa kwa zaidi ya medali. Kwa miaka kadhaa amefanya kampeni dhidi ya unyanyasaji wa watoto wa kijinsia, na anautumia mkeka wenyewe kuwafundisha watoto, wakiwemo waliopitia madhila hayo, kwamba mwili wao ni wao na kwamba wana haki ya kusema basi. Bingwa mwenyewe ameona kwamba kumlea mtoto kimichezo na kumlinda ni kazi moja. Mpango wowote wa kuwakaribisha vijana wa Kifilipino katika kumbi za Ghuba uanzie hapo. Mazoezi ya watoto mlango wazi na mzazi akitaka akae aangalie. Kocha asibaki peke yake na mtoto, wala asimwandikie ujumbe wa siri kwenye simu usiku. Safarini watoto wa kike wawe na mwanamke mzima wa kuwasimamia. Familia zetu hayo tunayaelewa vizuri, ni malezi ya nyumbani tu, lakini yaandikwe na yatiwe saini, maana haya ya kuaminiana kwa uso yameshaponza wengi.

Na jambo la kilo. Mtoto asikoseshwe chakula na maji ili aingie uzito wa chini. Mtu mzima anayejua mwili wake akitaka kujikausha siku mbili kabla ya mashindano ni shauri yake na daktari wake. Kijana wa miaka kumi na nne anakua, apigane katika uzito alionao. Kocha anayemtia mtoto kwenye joto avuje jasho kwa ajili ya medali ya mkoa hafai kupewa mtoto wa mtu.

Sasa turudi Ghuba. Kuna watoto wa Kifilipino waliozaliwa Dubai, Doha, Maskat. Baba muuguzi au fundi, mama ofisini au dukani. Wameanza jiu-jitsu hapa hapa, wanashinda hapa hapa, na wanazungumza Kiarabu cha mtaani kama watoto wetu. Wakifika miaka kumi na sita wanagundua kwamba timu ya taifa ya nchi wanayoishi si yao, na timu ya taifa ya nchi yao haijapata kuwaona. Uraia wa Kifilipino unafuata damu ya mzazi, kwa hiyo mtoto huyo ana haki kamili ya kuvaa bendera ya Ufilipino. Kinachokosekana ni mtu wa kumuunganisha. Skuli ikimalizika, suala la kibali cha ukaazi nalo linaingia, na kijana anaweza kujikuta yuko Manila bila klabu wala mtu anayemjua, akiwa na mkanda aliousotea miaka minane.

Sisi wasomaji wa Kiswahili huku Ghuba hatuhitaji kuelezwa hali hiyo. Wazee wetu wanakumbuka kufika Oman na kuitwa Wazanzibari, na kabla yake kuitwa Waarabu kule walikotoka. Walisimama kwa sababu kulikuwa na mtu, ami au jirani au mwalimu, aliyewashika mkono akawapeleka ofisini na kusema huyu namjua.

Tunachopendekeza si kikubwa. Kumbi za Abu Dhabi na Dubai ambazo asubuhi za wikiendi ziko tupu zinaweza kuwa na siku moja kwa mwezi ya mkeka wa pamoja, klabu zote, vijana wa nchi zote, bila nembo na bila ada. Makocha wa Kifilipino walioko huku, nao wapo wengi na wana ujuzi, wakae na shirikisho lao la nyumbani na kuandika orodha ya vijana: jina, uzito, mkanda, mwaka wa kuzaliwa. Timu ya Ufilipino inapokuja Abu Dhabi kwa mashindano, iongeze siku mbili mbele ikae na vijana hao. Ramirez au Napolis akikabana dakika tano na msichana wa miaka kumi na tano wa Al Ain, msichana huyo atajua yuko wapi na bado kiasi gani, jambo ambalo video mia haziwezi kumwambia. Na wachezaji wa Kiimarati waliofundishwa na Wabrazili waende Manila nao, si kwa kushindana tu, wakae wiki wafundishe. Faida hairudi upande mmoja. Balqees na wenzake wanahitaji wapinzani wepesi na wakali, na hao Ufilipino inao.

Kuna watakaosema, kwa nini tumwongezee nguvu mpinzani aliyetunyang'anya dhahabu? Swali la haki. Jibu letu ni kwamba bingwa asiye na mpinzani wa kumsumbua hulala. Japani iliutoa mchezo, Brazili ikaukuza, Abu Dhabi ikaupa nyumba. Kila mmoja alimfundisha aliyekuja kumshinda, na hakuna hata mmoja aliyefilisika kwa kufanya hivyo.

Upande wa serikali na mashirikisho tunaachia hapo, maana wao wana ofisi na bajeti. Nyumbani kwetu kuna jambo dogo zaidi, na halihitaji ruhusa ya mtu.

Kule Ufilipino, gi ya mtoto, nauli ya boti, ushuru wa mashindano, mara nyingi vinalipwa na mshahara unaotoka Ghuba. Huenda unatoka kwenye nyumba yako. Yule dada anayemvisha mwanao mkanda wake mweupe na kumkumbusha chupa ya maji, huenda ana wake mwenye mkanda wa kijivu, na hajapata kumwona akipigana hata mara moja. Kwa hiyo mshahara ulipwe kwa wakati wake, mwezi ukiisha, si mpaka aombe. Siku yake ya mapumziko iwe yake. Na muulize mtoto wake anacheza mchezo gani. Wengi wetu tumeishi na watu hawa miaka mitano, sita, na hatujui majina ya watoto wao, ilhali wao wanajua mpaka mtoto wetu anakataa bamia.

Ufilipino wako mbele yetu kwa saa nne. Mashindano ya watoto yakianza Manila saa tatu za asubuhi, huku ni saa kumi na moja alfajiri, watu ndio wanatoka kusali. Mwache akae sebuleni na intaneti ya nyumba, na kifungua kinywa siku hiyo kisubiri.